Filda Adoch, Fundi wa Pikipiki wa Makindye (1974–2025)

Tunayemzika leo, Jumatano tarehe 4 Juni 2025, hapa Matugga kando ya kaburi la baba yake, ni Filda Adoch, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Annick na wengine mlimwita Fundi tu. Wasifu huu umeandikwa nyumbani kwake Makindye na mumewe, Guerschom Mushagalusa, pamoja na binti yao Annick, na unasomwa na mdogo wa marehemu, Saverio Opoka, ambaye ndiye aliyeanza kuuandika. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya nyumba yake. Filda alikuwa Mwacholi, mumewe ni Mshi wa Bukavu, Kongo, na kila walipogombana walipatana kwa Kiswahili.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 katika hospitali ya Nsambya, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Sajini Yusto Opoka na marehemu Mama Karmela Aloyo. Baba alikuwa dereva na fundi wa magari ya polisi, na familia yote iliishi kambini, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama yake alipenda kusimulia jinsi Filda, akiwa na miaka minne, alivyopotea asubuhi nzima hadi wanawake wa kambi wakaanza kuchungulia visima. Alikutwa amelala chali chini ya lori, ubavuni mwa baba yake, ameshika kopo la nati kifuani kwa mikono miwili. Baba alisema hakumwita, alijileta mwenyewe, na katika saa zote hizo hakuangusha hata nati moja.

Alisoma shule ya msingi ya kambini, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1991. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo kimoja cha ufundi hapa Kampala, darasa la mitambo, akiwa msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mwalimu alimwelekeza kwa upole kwamba darasa la ushonaji liko upande wa pili wa uwanja. Filda alimshukuru, akabaki amekaa. Mwalimu akamwelekeza tena kesho yake. Siku ya tatu mwalimu alichoka, akafundisha. Alihitimu Novemba 1994, na nafasi yake ilikuwa ya pili.

Alianza kazi Januari 1995 katika gereji ya Mzee Jasper, Namuwongo, karibu na reli, akakaa hapo miaka kumi na mitatu. Mwaka 2008 alifungua gereji yake mwenyewe Makindye, kando ya barabara, akitengeneza pikipiki za boda. Wateja wake mnaijua tabia yake. Mtu akianza kueleza ubovu wa pikipiki, Filda alimwomba anyamaze, awashe injini, na azime redio. Alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu alisema ubovu uko wapi. Waliobisha walirudi baada ya siku mbili wakisukuma.

Guerschom alifika Kampala Februari 1999, akikimbia vita kwao, akiwa na mkasi mmoja na anwani ya mtu ambaye alikuwa ameshahama. Alipata cherehani ya miguu iliyochakaa, akaiweka barazani Namuwongo. Mwaka 2001 mkono wa pedali ulikatika. Kila fundi alimwambia atafute nyingine. Filda alivuka njia kutoka gereji wakati wa chakula cha mchana, akalala chini ya cherehani ile, akaifunga upya kwa kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe, na akakataa kupokea chochote. Wiki iliyofuata Guerschom alimpelekea ovaroli mpya ya buluu. Miaka yote Filda alikuwa akivaa ovaroli za wanaume na kukunja mikono na miguu. Hii ilimkaa sawasawa. Alimwuliza alimpima lini. Guerschom akajibu: "Ulipokuwa chini ya cherehani."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 2003. Wajomba walitaka kujua watu wa Guerschom ni akina nani, naye hakuwa na mtu wa kumleta, hivyo alikuja na mwenye nyumba wake, na Mzee Jasper akawasemea wote wawili. Annick alizaliwa tarehe 19 Septemba 2005. Guerschom anasema katika ndoa ile yeye alikuwa mtu wa kutengenezewa. Bomba, paa, karatasi za ukimbizi zilizokwama ofisini, pumu ya Annick: kilichoharibika Filda alikishika mpaka kikatii. Yeye Guerschom alishona, akapika Jumapili, akamsikiliza.

Sasa habari za pikipiki, kwa sababu wengi mmeiona uani na mmeuliza. Ni BSA ya Uingereza, silinda moja, ya mwaka 1958. Padri mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia Sajini Opoka mwaka 1984. Baba aliiendesha kwa fahari hadi uzee, na alipofariki tarehe 17 Agosti 1996, wakati ambao njia za kwetu kaskazini hazikupitika kwa vita na ikabidi azikwe hapa Matugga, pikipiki ilibaki Makindye, nyuma ya jiko la nyumba aliyostaafia, ambayo baadaye ikawa ya Filda, chini ya mabati. Miaka ishirini ilikaa hapo. Wezi walichukua taa, madigadi, usukani na kiti. Mvua ilichukua mengine. Pasaka ya mwaka 2017 Filda aliondoa mabati, akaiburuta hadi uani, akaitazama tangu asubuhi hadi Guerschom alipomwita kula.

Guerschom alidhani ataanza kutafuta vilivyoibwa ili airudishe kama ilivyokuwa enzi za baba. Filda alikataa. Alisema hatatafuta kitu kilichokwenda, ataitengeneza kwa vilivyobaki. Annick alimwonyesha kwenye simu picha za pikipiki ambazo vijana wa Uingereza wa zamani walizipunguza vyuma ili zikimbie, wakashindana nazo kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, zile zinazoitwa kafe-resa: usukani umeshushwa chini, vikanyagio vimerudishwa nyuma, kiti ni cha mtu mmoja chenye nundu, na mwendeshaji huinama juu ya tangi. Filda alizitazama sana, akasema hiyo ndiyo.

Ilimchukua miaka minne, kila Jumapili baada ya misa. Pistoni ilikwama ndani ya silinda kama imechomelewa. Aliijaza mafuta na kuisubiri miezi miwili. Mafundi chuma wa Katwe walimkerezea pistoni mpya, akairudisha mara tatu mpaka ikawa sawa. Usukani aliukata kwenye bomba la maji. Tangi alilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, akakataa kulipaka rangi. Kiti alishona Guerschom, kwa ngozi nyeusi, mshono mara mbili. Alipokuwa akikipima aliona ni kifupi mno, akauliza yeye atakaa wapi. Filda alimwambia: "Wewe utakaa nyumbani, utanisikia nikirudi." Guerschom alikuwa akiwasimulia wateja wake jambo hilo huku akicheka.

Machi 2021 pikipiki ilikuwa imebakiza mambo mawili: kufunga magneto, yaani kile kifaa kinachotoa moto wa plagi, na kurekebisha klachi. Filda alilalamika kwamba klachi ni nzito. Aliutoa waya wake, akaupaka grisi, akaurudisha. Bado nzito. Akaenda soko la Kisekka, akanunua waya mwingine. Akabadilisha tena, akabadilisha mara ya tatu, akafungua klachi yenyewe na kupunguza nguvu za springi. Aliitukana kwa Kiacholi. Jioni moja, alipoingia ndani kunawa, Guerschom aliyekuwa amekaa karibu na pikipiki alinyoosha mkono, akavuta klachi ile. Ilikuja kwa vidole viwili. Akavuta tena. Ilikuwa nyepesi kuliko mkasi wake.

Hakumwambia. Guerschom ameomba jambo hili lisomwe. Kwa wiki mbili alijua kwamba ubovu hauko kwenye waya, na kila Jumapili alimtazama mkewe akitafuta kosa ndani ya chuma. Alianza kuona mengine: kikombe akikishika kwa mkono wa kulia tu, vifungo vya blauzi akiviacha wazi, nyama ya kiganja cha kushoto, chini ya dole gumba, imebonyea. Alimpigia simu Saverio, wakanong'ona kama wezi. Mwishowe Filda mwenyewe alimwita uani. Alimwambia: "Baba Annick, vuta hii." Akaivuta. Filda hakuitazama klachi, alimtazama usoni. Kisha akasema: "Kumbe ni mimi."

Alizunguka hospitali miezi saba. Oktoba 2021 daktari wa mishipa ya fahamu aliwakalisha, yeye na mumewe, akawaeleza kwamba ugonjwa huu unaua taratibu mishipa inayoendesha misuli: mikono, miguu, ulimi, mwisho pumzi. Filda aliuliza dawa yake inaagizwa kutoka nchi gani. Daktari akasema haijatengenezwa bado popote. Filda, aliyezoea kwamba kitu kisichopatikana dukani hukerezwa Katwe, aliuliza kama hakuna anayeweza kuitengeneza. Daktari alikuwa mtu mwema, lakini jibu lilikuwa lile lile.

Aliporudi nyumbani alifunga magneto. Alifanya kazi hiyo kwa wiki tatu, mkono wa kulia ukifanya na wa kushoto ukishikilia kadiri ulivyoweza, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Februari 2022 alimkabidhi Tresor, fundi wake mkubwa, funguo za gereji. Desemba mwaka huo miguu ilikataa. Mwaka 2024 maneno yalianza kuteleza, na kufikia Krismasi walimwelewa wawili tu, Annick na Guerschom, tena si kila siku.

Katika nakala ya kwanza ya wasifu huu Saverio aliandika kwamba dada yake aliupokea ugonjwa kwa uvumilivu. Guerschom aliusoma mstari huo, akaomba kalamu, akaufuta. Alisema Filda hakuupokea, na asisingiziwe. Ni kweli. Alipokuwa na nguvu za kutupa, alitupa. Alimkatalia Annick kumlisha kwa siku mbili. Kina mama wa jumuiya walipokuja kumwombea aligeuza uso ukutani, na Guerschom akabaki kuwapa chai na kuomba radhi. Yeye mwenyewe ni mtu mdogo wa mwili. Alijifunza kumnyanyua, kumgeuza, kumwogesha, na kila alipomnyanyua alijua kwamba mwezi uliopita alikuwa mzito zaidi. Alibadilisha mito. Alimhamisha kutoka dirisha hili hadi lile. Alimshonea nguo zinazofungukia mgongoni. Hakukuwa na kingine alichojua kufanya.

Jumapili tarehe 11 Mei mwaka huu Filda alionyesha kwa macho kwamba anataka kutolewa uani, na alipofika uani alionyesha pikipiki. Saverio alikuwapo, Tresor aliitwa. Walitia petroli na mafuta. Filda alimtaka Guerschom apige kiki, si Tresor. Guerschom hakuwa amewahi kuwasha pikipiki maishani mwake. Aliipiga, ikamrudia kwa nguvu, ikamchana muundi hadi damu ikaingia kwenye kiatu. Akapiga tena. Mara ya tisa iliwaka. Majirani walitoka. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, ambayo wazee wawili wa mtaani waliikumbuka kutoka enzi za Sajini. Annick alilia. Tresor alipiga makofi. Filda alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa kama tulivyomjua.

Alipofumbua macho alisema kitu. Walimwinamia. Akarudia. Guerschom alisikia neno "moto," akadhani anaona joto. Alimwondolea blanketi. Filda akasema tena, kwa kujikaza. Annick akaleta maji, akamlowanisha midomo. Saverio akamgeuza kivulini. Guerschom akavua kofia yake na kumpepea. Watu watatu walihangaika hivyo, kila mmoja na huruma yake, na Filda akiwa katikati anarudia maneno mawili yale yale mpaka machozi yakamtoka kwa hasira. Ni Annick aliyewaambia wanyamaze wote, kama mama yake alivyowaambia wateja, akaweka sikio karibu na mdomo wake. Alichosema Filda ni hiki: "Moto unawahi." Plagi ilikuwa inawaka mapema kidogo kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana kiki ilirudi. Mkono wake uliokuwa ukifa ndio ulioifunga magneto, ukaiacha nje ya mstari kwa unene wa kucha.

Tresor alisikiliza, akasema kwa heshima, "Mama, mimi naona inanguruma vizuri." Filda alifumba macho. Injini ilizimwa baada ya kama dakika nne.

Kurekebisha kosa lile, Filda mzima angetumia muda wa kunywa chai. Hakutaka Tresor aguse, kwa kuwa hakulisikia. Alimtaka Guerschom, na Annick anafikiri ni kwa sababu ya vidole vya fundi cherehani, maana nafasi inayopimwa ndani ya magneto ni ya karatasi nyembamba. Annick aliandika herufi kwenye ubavu wa boksi la sabuni, akapitisha kidole, na mama yake alipepesa jicho herufi ilipofika. Kila jioni baada ya uji walikaa uani watatu. Siku ya kwanza walipata FUNGUA KIFUNIKO. Guerschom hakujua kipi, wakatumia jioni mbili kukitafuta. Siku nyingine neno moja lilichukua saa nzima, na lilipokamilika alikuwa amelala. Guerschom alishika spana kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Alimwambia Filda zaidi ya mara moja kwamba anaogopa kuharibu. Filda alimtazama tu, akasubiri boksi liinuliwe.

Jumanne tarehe 27 Mei walifika kwenye nati yenyewe. Herufi kwa herufi zilitoka: NATI YA KATI LEGEZA. Guerschom aliilegeza robo mzunguko, akasimama. Filda aliendelea. U. S. I. Hapo pumzi zikawa fupi, macho yakachoka, na Annick akasema wataendelea kesho.

Kesho yake aliamka na homa, kifua kimejaa. Alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Wauguzi walifanya yao na familia haina lawama. Guerschom alikaa kando ya kitanda na boksi lile magotini, akiliinua kila Filda alipofumbua macho, lakini macho hayakuzifuata tena herufi. Alifariki Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Padri alipokuja kuifariji familia alisimuliwa habari ya herufi zile tatu. Alisema huenda marehemu alikuwa anamwachia mumewe neno: usiogope, au usilie. Guerschom alimshukuru. Kisha akasema: "Padri, alikuwa anasema habari za nati."

Pikipiki iko uani Makindye, kifuniko wazi, nati imelegea robo mzunguko. Guerschom hajaigusa, na ameomba asiiguse mtu. Ila kama yupo hapa leo, miongoni mwenu mafundi, anayezijua mashine hizi za zamani, anaomba aonane naye baada ya mazishi. Hataki kutengenezewa. Anataka aambiwe tu, mtu akishalegeza nati ile, ni jambo gani ambalo hapaswi kufanya.

Marehemu ameacha mume, Guerschom Mushagalusa. Binti, Annick Aloyo, aliye mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi. Kaka yake Bonny Ocen, dada yake Nighty Lamwaka, na mdogo wake Saverio Opoka. Wapwa kumi na mmoja. Mzee Jasper, aliyemsemea. Na mafundi wa gereji yake, Tresor, Latifah na Nabwire, ambao tangu Jumamosi hawajafungua mlango. Tunawashukuru majirani, jumuiya, na wote mliobeba, mliopika na mliokesha.

Mungu ampokee Filda, na ampe lile pumziko ambalo sisi, tuliokuwa naye mchana na usiku, hatukuweza kumpa.